Ruta kwa Zamu

Jumatatu, 8 Januari

Ruta imefika! Baba Astou, mume wetu, kaileta kutoka mjini ameikumbatia kifuani, boksi jeupe, laini yake imo ndani, unachomeka kwenye umeme inawaka. Watoto wameimba. Mimi moyo ulikuwa unadunda mpaka nikaogopa wataona.

Wiki ijayo naanza majaribio. Kazi ya kupokea simu nikiwa nyumbani — kampuni iko Dakar, wateja wako Ufaransa, watu ambao boila zao za maji moto zimekufa katikati ya baridi. Watapiga kwao, nitajibu mimi, hapa Thiès, chumbani kwangu, kuanzia saa nane mchana hadi saa mbili usiku. Wanataka Kifaransa safi, chumba kimya na mtandao usiokatika. Kifaransa ninacho, nimekifundisha mpaka shule ikafungwa. Kimya nitakitafuta. Na mtandao ndio huo.

Ila nikauliza, itakaa wapi? Baba Astou akanishangaa. "Si itakaa nilipo mimi!" Yaani leo na kesho kwa Diarra, mke mkubwa, maana zamu ni yake. Jumatano kwangu. Ijumaa kwa Seynabou, mke mdogo. Siku mbilimbili, kama yeye mwenyewe. Alisema huku anatabasamu, amefurahi kweli.

Ningebisha nini? Huyu ni mwanaume anayetupimia nyama kwa mizani.

Jumanne, 9 Januari

Mawimbi hayapenyi. Kuta za nyumba hii zilijengwa na mtu aliyeogopa vita. Chumba cha Diarra kiko nyuma ya jiko, cha Seynabou huko kwenye geti, changu katikati, pembeni ya baraza. Nimezunguka na simu asubuhi nzima. Chumbani kwangu mawimbi ni vistari viwili, nikisimama juu ya kiti, mkono juu. Sasa boila ya mtu nitaitengeneza nikiwa juu ya kiti?

Alasiri tulikuwa wote chini ya dirisha la Diarra. Mimi na kompyuta, Seynabou juu ya ndoo anaposti picha za vitambaa vya bazini anavyouza, watoto, hata jirani. Ndani Diarra anaongea kwa video na bintiye Astou aliyeolewa Italia. Akachungulia. "Mmekuja kuchanjwa?" Akafunga dirisha. Nusu ya mawimbi ikaishia hapo.

Jumatano, 10 Januari

Zamu yangu. Baba Astou kaja baada ya magharibi, ruta kwapani, imeviringishwa taulo kwa ajili ya vumbi hili la Januari. Nikaipokea ruta kwanza. Yeye nikampokea baadaye. Aliona. Alivua viatu polepole tu.

Mawimbi tele! Nimeongea na Madamu Guèye, msimamizi wetu, anasema sauti yangu kama niko chumba cha pili. Akanikumbusha: majaribio ni Jumatatu hadi Alhamisi, na atakayekatika hewani mara tatu asijisumbue kupiga simu kuuliza majibu.

Nilingoja Baba Astou ashike glasi ya pili ya chai ndipo nikamwomba. Aiache hapa wiki ijayo. Wiki moja tu. Akaniangalia kwa huruma, hilo ndilo lililoniudhi.

"Arame, siku ya kiyama sitaki kufufuliwa nimepinda upande mmoja, kama mume mpendeleaji."

"Kwa ajili ya ruta?"

"Kwa ajili ya chochote."

Na hatanii. Nilipoletwa nyumba hii nilimpendea jambo hilohilo. Nilitoka kwa baba yangu, ambaye mama yangu alikuwa anasikia kicheko chake kupitia ukuta tu, yuko kwa mke mwenza. Najua kilicho kibaya kuliko haki. Lakini haki nayo inachosha! Nataka kitu kimoja ambacho hakigawanywi kwa tatu. Basi, nimeandika.

Ijumaa, 12 Januari

Ruta imehamia kwa Seynabou. Sikukaa. Nimekwenda sokoni kwa Tapha, fundi wa simu, nikanunua kisambazaji. Kidogo tu, unakichomeka ukutani, kinadaka mawimbi pale yanapochoka na kuyasukuma mbele. Nikakiweka barazani. Taa nyekundu. Nikakisogeza. Nyekundu. Neno la siri nimekosea. Nimekosea tena. Nikakisogeza kwenye soketi ya pembeni — kijani! Nilipiga ukelele, mbuzi wa jirani akaitikia.

Raha yangu ilifika jioni ikaishia hapo. Baba Astou karudi kutoka dukani kwake, kakiona.

"Hiki cha nani?"

"Changu."

"Wenzako wanavyo?"

Kakichomoa mwenyewe, kakifuta vumbi kwa kanzu yake, kanikabidhi mkononi kwa upole. Afadhali angenigombeza. "Kama ni wote, ni wote," akasema, akaenda kutawadha.

Jumamosi, 13 Januari

Baba Astou karudi kutoka Dakar na maboksi matatu ya visambazaji. Mapya. Aina moja, rangi moja. Kayafunika kwa shuka tukachagua kwa kupapasa, ili asiseme mtu kapendelewa. Tapha kaja kupigilia. Baba Astou kashika futi ya kupimia, kutoka sakafuni hadi usawa wa kifua, vyumba vyote vitatu, sawasawa.

"Na misumari pima basi," Seynabou akamtania.

Akapima misumari.

Ruta yenyewe imefungwa barazani, mahali pa wote. Hivi vitatu ni vya kuidaka kutoka pale na kueneza vyumbani; simu zetu zitaongea na hivi tu, si na ruta yenyewe. Vikiwashwa vyema nyumba nzima itakuwa waifai moja. Nimelala na matumaini.

Jumapili, 14 Januari

Hakuna kinachofanya kazi! Vistari vimejaa, hakuna kinachofunguka. Diarra anamwona Astou mdomo wazi, kaganda. Seynabou kashika simu juu chini.

Nimemfuata Tapha mpaka kwake. Anaona haya. Vifaa hivi vinafanya kazi kwa pamoja: kimoja unakiweka "kuu", kinaongea na ruta, vilivyobaki unaviweka "tegemezi", vinakifuata. Tapha alipofika kwenye neno hilo alimsomea Baba Astou. Baba Astou akasimama. "Nyumbani kwangu hakuna mke tegemezi." Tapha akajaribu, mzee, hizi ni mashine. "Weka zote kuu." Akaweka zote kuu. Mwenye nyumba ndiye mwenye kulipa.

Sasa ziko kuu tatu, kila moja inaamrisha, simu zetu hazijui zimsikilize nani. Zinavutwa huku, zinavutwa kule, mwisho zinakata tamaa.

Baada ya chakula nikaongea mbele ya wote, sahani bado iko chini. Nikasema lazima moja iwe kuu. Watu wakaacha kutafuna.

"Ya nani?" akauliza Baba Astou. Kauliza kwa sauti ya mtu anayeomba asijibiwe.

"Aliyetangulia anajulikana," Diarra akasema, anachambua mwiba wa samaki.

"Aliyetangulia yuko nyuma ya jiko, dada," Seynabou akasema. "Mawimbi yatatoka kule yameiva."

"Basi iwe ya getini, tuwarushie wapita njia," Diarra akamjibu.

Mimi nikasema ukweli. Kwamba chumba changu ndicho kiko ubavuni mwa baraza, kinaidaka ruta bila ukuta mnene, na kinawafikia wote wawili. Diarra akacheka mpaka akajishika goti. "Mashine yenyewe ndiyo iliyokwambia, Arame?" Nikachora ramani ya nyumba kwa kidole kwenye mchanga. Nikaonyesha. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mchoyo. Nilijisikia mwenyewe, na nilikuwa nasema kweli!

Seynabou akajaribu kutuliza. "Si anunue cha nne, kikae barazani peke yake."

Diarra akamgeukia. "Cha nne? Nyumba hii haitaki kusikia habari ya cha nne."

Hata mimi nilicheka. Baba Astou peke yake hakucheka. Likaishia hapo, hakuna lililoamuliwa, na kesho naanza kazi.

Jumatatu, 15 Januari

Nimekatika mara mbili.

Ya kwanza bwana mmoja, watoto wake wanaoga maji ya barafu, ndio kwanza namwambia fungua kifuniko cha mbele — kimya. Ya pili mwanamke aliyekuwa analia. Sijui alilia boila au alilia mengine. Nilikuwa nimeanza kumtuliza. Kimya. Nikabaki nasema "Madamu? Madamu?" na ukuta.

Madamu Guèye kanitumia ujumbe wa neno moja: "Mbili."

Sikula. Nimezunguka ua mpaka Diarra akaniambia nitafukua kisima. Ninaichukia haki. Naichukia futi ya kupimia, nayachukia mashuka ya kufunikia maboksi. Mwanaume anawapenda wake zake watatu kwa usawa mpaka hakuna anayeweza kupiga simu!

Jumanne, 16 Januari

Nimefanya.

Asubuhi, Diarra sokoni, Seynabou amelala, Baba Astou dukani. Nikafungua mipangilio kutoka kwenye kompyuta yangu. Neno la siri la vyote vitatu ni moja — haki hiyo! Changu nikakiacha kuu. Cha Diarra, tegemezi. Cha Seynabou, tegemezi. Kubonyeza mara chache tu. Vikazima vyote, vikaanza kuamka kimoja kimoja, robo saa nzima taa zinapepesa, jasho linanitoka na baridi hii ya asubuhi. Halafu kila kitu kikafunguka.

Zamu ya kazi imepita bila kukatika hata nukta. Boila kumi na kitu. Bwana mmoja kaniuliza kwetu theluji imefika wapi. Nikamwambia bado haijafika. Jamani, nilikuwa na furaha! Furaha ya kijinga, nacheka peke yangu kati ya simu na simu.

Na nyumba nzima ina furaha. Diarra kaongea na Astou mpaka wali ukashika chini. Saa mbili nilipomaliza, Baba Astou kaja kwangu kwa zamu, uso unang'aa. "Unaona, Arame? Haki ukiipa muda inafanya kazi." Nikasema naona. Nikamwekea kipande kikubwa cha samaki.

Jumatano, 17 Januari

Taa. Sikuwaza taa.

Kilicho kuu kina taa nyeupe. Tegemezi zina taa ya buluu. Seynabou kaja kuazima sindano, macho yakaenda ukutani. "Dada Arame, mbona yako nyeupe?" Nikamwambia labda ni aina yake. Akatoka na sindano, akaenda kutazama yake, akaenda kutazama ya Diarra. Nilisikia ndara zake zikivuka ua.

Nilipomaliza kazi usiku walikuwa wananisubiri barazani. Baba Astou kasimama mlangoni kwangu, akatazama nyeupe, akaenda kwa Diarra, akatazama buluu, akaenda getini, akarudi.

"Nani?"

"Mimi."

Nikaeleza yote. Mara mbili nimekatika, ya tatu ndiyo ya kufukuzwa, na tangu jana kila mtu humu ndani anaongea vizuri, kuna aliyepungukiwa nini? Nikamtazama Diarra. Diarra akatazama kucha zake. "Hatukupungukiwa," akasema. "Ila hatukuulizwa."

Hapo alinipata.

Halafu yeye mwenyewe Diarra akatoa hukumu. "Basi nayo iwe na zamu. Alipo yeye, ndipo patakuwa na nyeupe." Uso wa Baba Astou ukafunguka, mtu aliyetuliwa gunia mgongoni. Kesho magharibi zamu inaingia kwa Seynabou, na nyeupe itahamia kwa Seynabou. Kampigia Tapha hapohapo, kaelekezwa: nyuma ya changu kuna kitufe, abonyeze mpaka taa ife, halafu akabonyeze cha Seynabou.

Nikamwambia magharibi ni saa moja. Mimi namaliza saa mbili. Vikibadilishwa vinazima vyote.

"Robo saa tu, Arame."

"Robo saa ni kukatika. Kukatika ni mara ya tatu."

"Nikianza kukusogezea wewe, kesho Diarra nitamwambia nini?"

Diarra hakusema kwamba hahitaji kuambiwa chochote. Angeweza kusema.

Alhamisi, 18 Januari — asubuhi

Nimemfuata Seynabou getini kabla hajapiga mswaki. Nimempa zamu yangu. Yote ijayo, siku zote mbili, mume wake, mapishi yake, kila kitu, ilimradi leo aache taa kwangu hadi saa mbili. Mke anaruhusiwa kumpa mwenzake zamu yake, hilo linajulikana, si haramu.

Seynabou kanitazama, mswaki mkononi.

"Unatoa mume upate saa moja ya taa?"

"Saa moja tu, Sey."

"Saa moja ndipo wanapoingia wateja wangu wa bazini kwenye video, dada. Nimeshatangaza. Wiki nzima nasubiri kuwa na mtandao wangu." Halafu, kwa sauti ya chini: "Na mume sitaki nipewe kama kitenge kilichobaki."

Ana haki! Kila mtu nyumba hii ana haki, ndiyo taabu yake.

Alhamisi — kabla ya saa nane

Seynabou kamwambia. Baba Astou karudi kutoka dukani mchana, jambo asilolifanya. Kakaa ukingoni mwa kitanda changu na kofia kichwani.

"Umeniuza kwa saa moja ya intaneti."

Nikasema sikukuuza. Nikasema nilitoa kilicho changu. Akauliza, "Mimi ni chako cha kutoa?" Nikasema, "Na mimi? Siku nne katika kila sita mimi ni wa nani?" Sikujua nitasema hivyo. Limetoka.

Akavua kofia. Akaniambia kila usiku anapohama chumba anahesabu kimoyomoyo alichompa huyu na alichomnyima yule, na hajawahi kulala usingizi mzima tangu amuoe wa pili. Wa pili ni mimi. Nilitaka kumshika mkono. Kompyuta ikalia, Madamu Guèye anaita majina. Akasimama akatoka.

Nampenda. Na leo sitaki aingie humu.

Alhamisi — jioni

Kati ya simu. Zimenyooka zote mpaka sasa. Boila, boila, pampu, boila. Madamu Guèye kaandika: "Vizuri Arame, endelea hivyo." Nimeisoma mara nne.

Kwa Seynabou kunatandikwa bazini, nasikia anajaribu taa zake za video. Jua linashuka. Nimefunga mlango lakini komeo la mlango huu lilikufa zamani.

Adhana.

Wameswali barazani. Simu imeingia! Bibi mzee, kijiji fulani cha milimani, yuko peke yake, boila imezima tangu asubuhi, anavaa makoti mawili. Nimemuuliza mshale wa kipimo uko namba ngapi. Hajui, boila iko chini ghalani. Kasema nisubiri ashuke ngazi, anatembelea fimbo. Kaweka simu mezani. Nasikia fimbo yake. Ngazi. Ngazi. Inapotea.

Naandika ili nisisimame.

Nimesimama. Daftari liko juu ya kabati, mkono wa kushoto nimeupeleka nyuma ya kifaa, nimefunika kitufe. Plastiki ina joto.

Baba Astou kaingia. Ana vumbi la mkeka kwenye paji la uso. Kaona mkono wangu ulipo. Nimemwonyesha hedifoni masikioni, nimemwonyesha kidole: subiri. Miaka yote sijawahi kumwambia subiri.

"Zamu imeingia, Arame." Kanong'ona. Kwa nini ananong'ona? Bibi hamsikii, yuko ghalani. Lakini kanong'ona.

Seynabou anaita kutoka getini, "Baba Astou! Watu wameshaanza kuingia!" Ana haki. Diarra kaja kusimama mlangoni, kaegemea, hatafuni, hacheki, anatazama tu.

Kaleta mkono wake. Hakuvuta wangu. Kauweka juu ya wangu, hapohapo nyuma ya kifaa. Ni mzito, una maji ya udhu bado. Akibonyeza atabonyeza kupitia kidole changu.

Hajabonyeza. Sijautoa.

Fimbo. Bibi anapanda ngazi. Anahema. Seynabou anaita tena. Taa nyeupe inatuangazia vidole wote wawili.

Bibi kashika simu. "Binti? Bado upo?"

Baba Astou kasikia, sauti inavuja kwenye hedifoni. Ananitazama, anangoja nimjibu bibi.